Shemeji Anataka Wapangaji Wangu Wawe Wapwa

Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi saa nne asubuhi mkaguzi wa kampuni ya bima anakuja kuiona nyumba yangu, na mpaka naandika hapa sijajua nitamwambia nini.

Mimi ni fundi bomba, nimeziba mabomba ya watu miaka ishirini na miwili, na nyumba yangu ya vyumba sita nimeijenga chumba kimoja kimoja, sikurithi tofali wala sikuazima koleo, na nilipoimaliza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni wakala wa bima, akanishauri niikatie bima, nikakata ile ya nyumba ya familia, kwa sababu wakati huo tulikuwa tunaishi humo mimi, mke wangu na watoto watatu, na tangu siku hiyo imepita miaka tisa, sijachelewesha malipo hata mwezi mmoja wala sijawahi kuwadai hata bei ya kitasa.

Miaka mitano iliyopita tulihamia nyumba ndogo karibu na karakana yangu, shemeji mwenyewe alitusaidia kubeba kabati, nikapangisha vyumba vyote sita, tena kinyozi wa chumba cha tano ni yeye shemeji aliyeniletea, na hapo ndipo nilipopiga hesabu nikajiona nina akili, kwamba tangi la lita elfu moja lilitutosha watu watano lakini kaya sita haliwatoshi, basi nikalishusha nikapandisha la lita elfu tatu juu ya nguzo zilezile, kwa mikono yangu, nikijua fika kwamba kila lita elfu moja ni tani nzima, huku nikijiambia kwamba chuma nilichokichomelea mimi hakipindi.

Kimepinda. Jumanne iliyopita saa tatu asubuhi nguzo moja ililala, tangi likatua juu ya chumba cha tatu na cha nne, mabati kumi na manne yakakunjika, dari ikashuka, ukuta wa katikati ukapasuka toka juu hadi chini. Hakuna aliyeumia, watu walikuwa makazini, na mama mshonaji wa chumba cha tatu alikuwa ametoka kununua uzi. Ila cherehani yake ilibaki chini ya mbao, na vitambaa vya wateja wake vyote vikalowa tope.

Nikampigia shemeji. Akaja, akasoma hati yangu mara mbili, akavua miwani.

"Hii ni ya nyumba unayoishi mwenyewe. Wakijua umepangisha, hupati kitu. Hamishia kitanda chumba cha mbele, tundika na picha ya harusi. Hao wengine waseme ni wapwa zako."

"Wapwa kaya sita? Mimi dada ninaye mmoja."

"Basi amezaa sana."

Kinyozi amekubali. Ananizidi umri miaka minane lakini tangu Ijumaa kila akiniona ananiamkia, "Shikamoo mjomba," na wenzake wanashika mbavu. Mke wangu amekataa, amesema kitanda chake hakipandi mkokoteni kwa ajili ya uongo wa kaka yake. Na mama mshonaji nilipomweleza aliendelea kukamua kitambaa, akasema, "Sawa baba mwenye nyumba, nimekuwa mpwa wako. Basi nirudishie kodi ya miaka minne, maana mjomba gani anamtoza mpwa wake kodi?" Akaniuliza cherehani yake nani ataitengeneza, nikamwambia tusubiri bima.

Mshauri, nina uchungu. Nimelipa miezi mia moja na minane. Nikisema kweli nikanyimwa, malipo yote hayo yameenda wapi? Na nikidanganya nikalipwa, nimemwibia nani, wakati jasho ni langu? Usinibembeleze. Niambie la kufanya, nitalifanya.

Fundi Bomba

*

Fundi Bomba, pole kwa nyumba, na shukuru kwamba yule mama aliishiwa uzi asubuhi ile. Umesema usibembelezwe, kwa hiyo pole imeishia hapo.

Hesabu unaijua, ila moja umeiruka. Katika ile miezi mia moja na minane, arobaini na minane ya kwanza ulipata ulichonunua: kinga ya nyumba ya familia moja. Sitini iliyobaki umelipia nyumba ambayo haikuwepo tena. Nguzo zilikuwa za familia moja, bima ilikuwa ya familia moja. Ukaongeza kaya, ukaongeza tangi, halafu ukataka nguzo na bima vijiongeze vyenyewe. Kampuni haikukuibia. Hukuwaambia.

Sasa huo mpango wa kitanda. Leo una kosa la kutotoa taarifa, ambalo mtu anaweza kulieleza akiwa amesimama wima. Alhamisi ukitundika picha ya harusi utakuwa na kosa la udanganyifu, nalo linapelekwa mahakamani, na utawapeleka huko pamoja na wapangaji wako, akiwemo mzee mzima uliyemfanya akuamkie. Na mkaguzi si mtoto. Atahesabu majiko, atahesabu kufuli milangoni, atamuuliza mpwa mmoja jina la bibi yake.

Halafu nijibu hili: siku mlipohama, nani alibeba kabati? Kinyozi nani alimleta? Wakala wako alijua miaka mitano kwamba nyumba ina wapangaji, hakukuambia ubadilishe bima, na inaelekea kampuni yake nayo hakuiambia. Uongo huu unamwokoa yeye kwanza, wewe ndiye utakayeweka sahihi. Mkeo ameliona hilo kabla yako, na ni kaka yake. Mwombe radhi.

Fanya hivi. Leo, si kesho, iandikie kampuni barua: tulihama tarehe fulani, vyumba vimepangishwa, mikataba ya wapangaji hii hapa, na wakala wenu alifahamu. Hilo la wakala liandike waziwazi, maana huenda likakusaidia, na shemeji akinuna, anune. Piga picha kila kitu kabla hujanyanyua bati hata moja. Uzito wa tangi nao useme. Wakikataa, waombe wakuandikie ni kifungu kipi cha hati kinachowaruhusu, kisha kipeleke kwenye ofisi inayosimamia kampuni za bima. Sikuahidi kwamba watalipa. Huenda wakalipa kidogo, huenda wasilipe kabisa, na hapo utajenga tena chumba kimoja kimoja, kazi unayoijua kuliko mtu yeyote.

Ukishajenga, kata bima ya mwenye nyumba anayepangisha. Hakikisha ina mambo matatu: jengo lenyewe, kodi utakayokosa vyumba vikiwa kwenye matengenezo, na madhara ambayo nyumba yako itamletea mtu mwingine. Isome mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, usisomewe na shemeji. Na waambie wapangaji kwamba vyombo vyao kwa kawaida havimo humo, kila mtu akate ya kwake akiweza. Siku matumizi ya nyumba yakibadilika, hata ukiongeza duka barazani, andika barua.

Mama mshonaji umemwambia asubiri bima. Asubiri kwa nini? Tangi ni lako, nguzo ni zako, na yeye hajakata bima na mtu. Cherehani ile ndiyo inayomlipia kodi anayokulipa. Ipeleke kwa fundi leo kabla hujaandika barua, na wateja wake nenda ukawaone mwenyewe, mlango kwa mlango, uwaeleze vitambaa vyao vimepatwa na nini na utavilipaje.

Alhamisi mkaguzi akute chumba cha mbele na mpangaji wake ndani, na wewe mlangoni na mikataba mkononi.

Na tangi lisirudi juu mpaka fundi mwingine aje apime hizo nguzo. Mwingine, si wewe. Simama chini, umshikie ngazi.