Sahihi Yangu Kwenye Fomu ya Bi Somoe

Jumanne. Mvua ilianza alfajiri na mpaka sasa jioni haijakata vizuri. Jangwani maji yamepanda barabarani, mabasi ya mwendokasi yamesimamishwa, na Kariakoo tope limefika mpaka kwenye vizingiti vya maduka. Asubuhi nilitembea kutoka Ilala mpaka ofisini nimeshika viatu mkononi, na njia nzima nilikuwa naomba mvua imzuie mtu mmoja asifike.

Alifika.

Nimeanza kuandika hapa mara tatu na kufuta. Nikiandika kwa madoido nitajikuta najitetea, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa. Majina ya watu nimeyabadilisha. La kwangu silitaji, na sababu ni woga tu.

Kwa wasionijua, mimi ni afisa mikopo. Huu ni mwaka wa nne nipo kwenye kampuni ndogo ya mikopo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge, si mbali na Msimbazi. Wateja wetu ni mama ntilie, wauza mitumba, mafundi cherehani, wanawake wa samaki kule sokoni Feri. Watu wa kukopa leo na kuanza kurejesha wiki ijayo.

Bi Somoe ni mmoja wao. Mtu wa Kilwa, amemzidi mama yangu umri kidogo, na amekuwa akikaanga samaki Feri tangu mimi sijaanza shule. Miaka mitatu iliyopita alikuja kukopa anunue friza, ili samaki waliobaki asilazimike kuwauza kwa bei ya kutupa. Mimi ndiye niliyemjazia fomu.

Hapo kwenye fomu ndipo ilipo aibu yangu.

Kila mkopo ulikwenda na bima. Ukiumwa au ukipata ajali ukashindwa kufanya kazi, bima inakulipia marejesho mpaka usimame tena. Ndivyo tulivyofundishwa kuisema, na inapendeza kuisikia. Hela ya bima inakatwa kwenye mkopo kabla mteja hajakabidhiwa chake. Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kukubali au kukataa. Sisi tulikuwa tunaweka alama ya kukubali wenyewe, mteja hata hajakaa kwenye kiti, halafu tunamwonyesha pa kuweka sahihi. Kila mwezi kulikuwa na tageti ya bima, na aliyeivuka alipata kamisheni. Mimi niliivuka mara nyingi.

Bi Somoe aliniuliza maswali. Hasomi haraka, lakini si mtu wa kuburuzwa. Aliuliza kama hiyo bima ni lazima, nikamwambia ni lazima. Haikuwa lazima. Akauliza, je, akiungua na mafuta ya kukaangia akalala ndani, itamlipia?

"Itakulipia mama, usiwe na wasiwasi," nilimwambia.

Kijitabu cha masharti kilikuwa kwenye droo yangu. Kimeandikwa wazi kwamba bima hiyo ni ya mtu mwenye mkataba wa ajira na anayepokea mshahara. Bi Somoe hajawahi kuajiriwa na mtu tangu azaliwe.

Wiki zangu za kwanza pale sikuwa nimekisoma. Ningependa niishie kwenye sentensi hiyo. Lakini Bi Somoe alipokuja nilikuwa nimeshakisoma, chote, na kuna mstari niliupigia kalamu.

Nilijua.

Mwaka jana karai la mafuta lilimpindukia, likamuunguza mguu kuanzia goti mpaka kisiginoni. Alilala ndani kwake Mbagala karibu miezi mitatu. Alimtuma mkwewe ofisini aulizie ile bima, na mkwewe akajibiwa kwamba mama hana barua ya mwajiri, kwa hiyo hahusiki. Marejesho yakasimama. Wenzangu wakaenda kuchukua friza. Mimi sikwenda, lakini orodha ya dhamana waliyoishika mkononi niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu, na rangi ya friza nimeitaja.

Mwezi uliopita Bi Somoe alikutana na dada mmoja, msaidizi wa kisheria, anayewasaidia wanawake wa sokoni bila kuwatoza. Yule dada akamweleza kwamba habari ya friza ni ngumu, ila hela ya bima anaweza kuidai yote irudi, kwa sababu aliuziwa kitu ambacho tangu siku ya kwanza kisingeweza kumsaidia. Akamwandikia barua. Barua ikafika kwa meneja wangu, Bwana Lema.

Bwana Lema si mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyechangisha ofisi nzima nikapata nauli ya kwenda Masasi na kurudi. Ijumaa aliniita, akafunga mlango taratibu, akanipa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba nilimweleza mteja masharti yote ya bima, akayaelewa, akaridhia kwa hiari yake.

Nikamwambia sikumbuki vizuri.

"Hakuna anayekwambia useme uongo," akasema. "Tunasema utaratibu ulifuatwa. Tukirudisha ya huyu mmoja, kesho ngazi hii haipitiki."

Akaniambia Bi Somoe ameitwa Jumanne aje apewe jibu. Nikasaini. Niliporudi kwenye meza yangu nilimhudumia mteja mwingine kama kawaida, nikacheka naye, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Jumamosi na Jumapili sikula vizuri. Jumatatu nilipiga simu kwa mama, tukaongea habari za korosho na za bati linalovuja, nikakata bila kusema nilichopigia.

Leo saa nne Bi Somoe akaingia, amevaa kanga imelowa mpaka magotini, anachechemea kidogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mama hajambo. Anakumbuka kwamba nilimsimulia habari za mama yangu. Nilimsimulia ili anizoee asaini haraka.

Tulikaa watatu ofisini kwa Bwana Lema. Yeye aliongea kwa adabu. Alimpa pole ya mguu, akaeleza utaratibu wa kampuni, akamwonyesha sahihi yake chini ya fomu. Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hana haja ya karatasi, maana aliyemweleza yupo hapa. Akanigeukia.

"Mwanangu, sema tu ulivyoniambia siku ile. Ukisema wewe, mimi naondoka na jibu lako."

Bwana Lema naye akanitazama.

Nilisema nilimweleza masharti yote. Nilisema kwa sauti ya ofisini, ile ya kumpokelea mteja simu. Nilimwita "mteja" huku amekaa hatua moja kutoka nilipo.

Nilitegemea atapandisha sauti. Hakupandisha. Alisimama kwa kushika meza, akamwambia Bwana Lema, "Basi nimekosea mtu. Aliyeniandikia mimi alikuwa binti mwingine."

Akatoka. Nilisikia anashuka ngazi moja moja, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine.

Bwana Lema aliniambia nimefanya vizuri.

Sijui watu wengine huwa wanaamuaje mambo. Mimi sikuamua. Saa sita nilitoka kama mtu anayekwenda kula, nikapita pale ninapokula kila siku, nikaendelea. Nikapita Mnazi Mmoja, nikakata katikati ya mji, nikashuka mpaka Kivukoni mvua ikininyeshea. Nilipofika Feri ndipo nilipogundua kwamba mwamvuli niliuacha ofisini.

Kwenye meko za kukaangia sikumwona. Nilikuwa namtafuta alipokuwa zamani, kwenye karai lake. Mwanamke mmoja akaninyooshea kidole upande wa pili. Bi Somoe hana karai tena. Siku hizi anapara samaki wa watu wengine, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu wenye kovu ameunyoosha mbele, magamba yamemjaa mikononi.

Hakunikaribisha. Hakunifukuza pia. Nikachuchumaa pembeni yake, sketi ikagusa maji ya samaki, nikamwambia nimekuja kuandika ilivyokuwa. Akaendelea kupara. Akasema, "Andika."

Niliazima daftari kwa binti anayeorodhesha mnada wa samaki, nikaandika hapohapo kwa kuegemea paja. Niliandika kwamba nilimwambia bima ni lazima na haikuwa lazima. Kwamba alama ya kukubali niliiweka mimi. Kwamba aliniuliza juu ya kuungua nikamjibu italipa, huku nikijua haitalipa. Kwamba maelezo niliyosaini Ijumaa na maneno niliyosema leo si kweli. Nikaweka jina langu lote, tarehe na sahihi, nikaichana karatasi, nikaipiga picha kwa simu, nikampa.

Hakupokea. Alisema mikono yake michafu, na yeye anasoma polepole. Nimsomee.

Nikaanza kumsomea kwa sauti ya chini.

"Sisikii," akasema. Na kweli pale, kwa kelele za mnada, watu hawasikilizani. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti. Wanawake waliokuwa wanapara wakaacha kupara. Nilipofika pale penye "nikijua haitalipa" nilikwama, nikarudia sentensi kuanzia mwanzo, kwa sababu nusu yake pekee ilikuwa inasikika kama jambo jingine.

Nilipomaliza, Bi Somoe alinawa mikono kwenye ndoo, akaifuta kwenye kanga, akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeshaanza kulia, na niliona haya kulia mbele yake, kana kwamba mguu ulioungua ni wangu.

"Kwa karatasi nakushukuru," akasema. "Ya msamaha tutaongea siku nyingine. Leo nimechoka."

Ni haki yake.

Kabla sijainuka, mwanamke mwingine aliyekuwa ameketi nyuma yake akaniuliza kama yeye pia alikatwa hiyo bima. Alikopa kwetu mwaka juzi. Akanitajia jina lake. Sikuhitaji kwenda kuangalia kwenye mafaili. Nilimkumbuka, alikuja na mtoto mgongoni, na nilimsainisha ndani ya dakika kumi. Nikamwambia ndiyo, ulikatwa. Wa tatu naye akauliza. Wa tatu sikumkumbuka kabisa, na hilo lilinitisha kuliko yule niliyemkumbuka.

Pamoja na Bi Somoe walikuwa watano pale, wote wateja wetu.

Nilirudi ofisini saa tisa, nimelowa, nanuka samaki. Niliingia moja kwa moja kwa Bwana Lema, nikamwonyesha picha ya ile karatasi kwenye simu yangu. Aliisoma mara mbili. Nilitegemea hasira, lakini alivua miwani, na nikaona amezeeka tangu asubuhi. Aliniuliza kama najua kwamba yeye ana watoto watatu. Nikamwambia najua. Akaniambia nikabidhi funguo za droo, niende nyumbani, nisirudi mpaka nitakapoitwa.

Nilikabidhi funguo. Kijitabu cha masharti nilikitoa kwanza, nikakitia kwenye mkoba. Hilo sikumwambia. Kama nalo ni kosa, liandikwe pamoja na mengine.

Jioni hii yule dada msaidizi wa kisheria amenipigia. Bi Somoe amempelekea karatasi. Anasema malalamiko yatafikishwa kwenye ofisi inayosikiliza kesi za bima, na kwamba kwa maelezo kama yale kampuni itapata tabu kukataa kurudisha. Nikamuuliza kuhusu friza. Akasema hajui, hataki kuniahidi. Kisha akaniuliza swali ambalo nimekaa nalo tangu alipokata simu. Kwa miaka hii minne, fomu za namna ile nimejaza ngapi?

Nilitaka kusema ishirini. Kwa mwezi mmoja tu ni zaidi ya hapo.

Mama sijamwambia. Anawaambia majirani kwamba mwanawe yuko ofisini Kariakoo, na amelisema hilo miaka minne bila kuchoka. Nitampigia, lakini kwanza nijue nitaanzaje. Kodi ya chumba nimelipia mpaka mwezi ujao. Baada ya hapo sijui.

Nimejiuliza kama ningefanya haya endapo Bi Somoe angenigombeza pale ofisini. Nadhani nisingefanya. Angenitukana ningepata sababu ya kukasirika, na ningeenda kula wali wangu kama kawaida. Hili nalo naliandika, nisije nikajisifu baadaye.

Nimenunua daftari dukani hapa chini. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika majina ninayoyakumbuka, bila kufuata mpangilio, na bado yanakuja. Wanawake wa Feri wanaanza kazi mapema, na wale wanne waliobaki nimewaambia nitafika.

Asubuhi kukipambazuka sina ofisi ya kwenda. Nitashuka Kivukoni, nitafute pa kuchuchumaa, nianze na yule aliyekuja na mtoto mgongoni.