Mvua Haimo Kwenye Maandalio

Tabaka,
12 Mei 1969

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila koo tu. Mgongo wako je? Mama hajambo?

Darasa langu la Nne lina watoto hamsini na wanane chini ya mabati yasiyo na dari. Mchana mvua ikianza napaaza sauti mpaka inakauka. Nakutumia maandalio yangu ya masomo ya wiki, wewe mwalimu wa zamani uyaone.

Kuna msichana, Nyamoita, anakaa nyuma kabisa. Nikimwita haitiki. Nimemchapa mara nne kwa kiburi hicho. Hedimasta anataka tumfute shule, nafasi apewe mwingine. Nimechoka, Baba, sina nguvu ya kubishana.

Mwanao,
Onsongo

Magwagwa,
20 Mei 1969

Mwanangu Onsongo,

Hatujambo. Mgongo wangu unalalamika kuliko mama yako. Pole na koo.

Mwandiko wako safi. Lakini kila mchana umeandika "wanafunzi watasikiliza". Watasikiliza nini, mabati? Huko kunanyesha kila saa nane, na mvua haimo kwenye maandalio! Itie. Ikianza, nyamaza, uandike kila kitu ubaoni. Na huyo binti usimfute kabla hujamjua.

Baba yako,
Jethro

Tabaka,
Jumapili, 15 Juni 1969

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini mgongo umepoa. Koo langu limepona, moyo ndio unaouma.

Nilifanya ulivyosema. Siku za mvua niliandika kila kitu, hata maswali. Nyamoita akapata yote, akawashinda wote. Alhamisi haikunyesha, nikafundisha kwa mdomo, akapata sufuri. Nikasimama nyuma yake nikamwita mara tatu. Hakugeuka. Baba, mtoto hasikii, na mimi nilikuwa namchapa kwa kutoitika.

Nilikimbia kwa hedimasta. Alikuwa ameshamfuta, na Ijumaa Nyamoita hakuja.

Leo nimekwenda kwao. Nimemkuta anasugua vinyago vya mawe, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Nikaandika kwa kidole kwenye vumbi: "Rudi shuleni." Akafikiri, akaandika chini yake: "Mvua ikinyesha?"

Nikaandika: "Hata jua likiwaka." Akasoma, kisha akaitazama mikono yangu aone kama nimebeba fimbo. Sikuwa nayo.

Hedimasta nitabishana naye kesho. Kama Nyamoita atakuja, sijui. Nimemwekea nafasi mbele, na ubao nimeshaujaza.

Mwanao,
Onsongo