Mume Wangu Alishaliliwa

Alhamisi, Bunda. Wingu limefunga tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Na mimi niko hivyo hivyo.

Ukurasa huu mjukuu wangu alinifungulia ili niandike mapishi, na mpaka leo nimeandika mawili tu, ya ugali wa muhogo na ya sato mkavu. Leo sina mapishi. Mume wangu Magesa tulimzika wiki iliyopita nyuma ya nyumba, karibu na mihogo yake, na mpaka sasa sijamlilia kwa sauti.

Sikukatazwa na padri wala serikali. Aliyenikataza ni mama mkwe wangu, na yeye mwenyewe yuko kaburini miaka mingi.

Magesa alikuwa mwigizaji. Si nyota. Alikuwa yule mtu unayemwona katika kila mchezo na jina lake hulijui: karani, mlevi, askari, baba wa bibi harusi. Miaka ya mwanzo ya Uhuru alikuwa akipima pamba kwenye chama cha ushirika. Azimio la Arusha lilipokuja, na vijiji vya ujamaa nyuma yake, bwana utamaduni wa wilaya akakusanya vijana wacheze michezo ya kuigiza viwanjani. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni, nikawa nawatungia ngonjera. Nilimpenda kwa sababu ndiye pekee aliyezikariri.

Enzi za foleni za sukari aliigiza mlanguzi pale Musoma, na akamwigiza hasa. Kesho yake alikwenda sokoni ziwani kununua kitoweo, na mama mmoja akamchapa na samaki shavuni. Alirudi nyumbani ananuka, ana magamba kwenye kola, na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake hata siku ya harusi yetu. Kwake ile ilikuwa shahada.

Lakini kabla ya Musoma kulikuwa na Mugeta.

Mchezo tuliocheza kijijini hapo ulihusu mkulima wa enzi za mkoloni anayechapwa viboko kwa ajili ya pamba mpaka anakufa. Mkulima alikuwa Magesa. Mama yake alitembea kwa miguu kutoka Kiabakari kuja kumwona mwanawe anafanya kazi, na alikuwa hajawahi kuona mchezo wa kuigiza maishani mwake. Akaketi chini mbele kabisa, kanga mpya, miguu ameinyoosha. Hakuna aliyekumbuka kumweleza. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye na sikukumbuka.

Magesa alipoanguka, mama akainuka. Akaweka mikono kisogoni akapiga yowe.

Huku kwetu yowe halisikilizwi umekaa. Mwanamke mmoja akianza, mwingine anapokea, na walio shambani wanatupa majembe wanakuja mbio. Kabla hatujajua la kufanya, uwanja mzima ulikuwa unalia. Magesa naye alibaki amelala, maskini, akidhani mchezo umewaingia watu. Aliponyanyuka na vumbi na rangi nyekundu kwenye shati, mama yake ndiye aliyeanguka.

Leo ukisimulia, watu wanacheka. Siku ile hakucheka mtu. Mtu ameliliwa akiwa hai, tena na mama yake mzazi. Huko Kiabakari akachinjwa mbuzi, Magesa akaogeshwa kwa majani, na mama akatoa neno lake mbele ya ukoo wote.

"Mwanangu nimeshamlilia. Siku akifa kweli, mtu asimlilie tena. Kilio cha pili hakiendagi bure, kinatafutaga mwingine."

Kisha akamwapisha kwamba hatakufa tena katika mchezo wowote, maadamu yeye mama yu hai.

Magesa alishika kiapo kile. Tulipoigiza Butiama mbele ya wageni, mchezo ulikuwa wa wapagazi wanaokufa mmoja mmoja njiani chini ya mizigo. Walikufa wote, akabaki yeye peke yake amesimama na gunia kichwani, hana pa kwenda, ikabidi nimtungie shairi palepale la kumwondoa jukwaani. Baadaye wakaja watu wa sinema kutoka Dar. Walimpenda sura na sauti, wakataka awe mpigania uhuru, yaani mtu mkuu wa picha nzima. Mwishoni mpigania uhuru anauawa. Magesa akaomba wamwache hai. Wakacheka, wakampa mpishi wa gereza. Katika sinema ile utamwona anasonga ugali, hasemi neno.

Jina lake lingejulikana nchi nzima. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na nadhani ndiyo maana mimi nililalamika kwa niaba yetu wawili.

Mama alipofariki, Magesa akaanza kufa. Alikufa sana uzeeni. Zilipokuja filamu za video wakawa wanamwita Mwanza, na akirudi namuuliza safari hii amekufa kwa nini. Sumu. Gari. Presha. Mara mbili alilogwa na mtu yuleyule. Ya mwisho ilikuwa mzee anayefia kitandani, na alirudi akijisifu kwamba amekufa asubuhi nzima, kwa sababu binti aliyeigiza mke wake alikuwa hajui kulia. "Analiaga kama amekanyagwa mguu," aliniambia. Ikabidi amfundishe mwenyewe. Akaniletea diski. Nikaiweka kabatini pamoja na nyingine, maana sikupenda kumtazama akifa.

Kumbe wakati ule tayari tumbo lilikuwa linamla. Husemwa kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Huyu wangu aliigiza uzima mpaka siku tuliyompeleka hospitali Musoma, na hata kilio hakikumfichua, kwa sababu hakikuwapo.

Wifi yangu Nyangeta, dada yake, ndiye pekee aliyebaki, ukiniondoa mimi, katika wale waliokuwa Mugeta. Siku ya msiba alisimama mlangoni. Kila mwanamke aliyekuja ameshika kichwa alimshika mkono. "Huyu alishaliliwa. Pitaga kimya, mama." Nyimbo za kanisani akaziruhusu, akasema wimbo sio kilio. Basi mtu aliyeishi kwa kutafuta sauti za watu, vicheko vyao, matusi yao, hata samaki wao, tukamshusha kaburini nikisikia mchanga tu.

Najua majirani wanasema mwalimu hakuumia. Nimeumia. Usiku nauma mto. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote na ningeweza kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba kilio hakimtafuti mtu. Lakini nina watoto na nina wajukuu, na siko tayari kulijaribu jambo hilo kwao.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo leo mchana, nilipoitoa ile diski kabatini. Sikuwa na mpango. Nilitaka kumwona tu.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha watu, shuka la maua hadi kidevuni, na ile namna yake ya kukunja mdomo. Akasema maneno machache. Akageuzia uso ukutani. Na yule binti, kapakwa mvi za unga, akasimama, akaweka mikono kisogoni.

Sikuwa nimejiandaa. Lilikuwa yowe la Mugeta. Lilianzia chini, likapanda, likakatika, likaanza tena, kama vile alivyolipiga mama mkwe. Magesa alilisikia mara moja tu, amelala kwenye vumbi amefumba macho, akalihifadhi miaka yote hiyo, na alipopata mtu wa kumpa akampa.

Nikashika rimoti nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Jirani akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Mwalimu, kuna nini huko?" Nikamsikia Nyangeta uani, alikokuwa akichambua mchele, akimjibu kwamba ni sinema tu. Kisha mlango ukafunguliwa.

Nikajua ananijia. Sauti moja kati ya zile mbili mle chumbani haikuwa ya sinema, naye ana masikio.

Akaketi chini mbele kabisa, akanyoosha miguu. Yule binti alipomaliza kulia, wifi yangu akajifuta uso kwa kanga, asinitazame.

"Irudishe nyuma," akasema. "Pale anapoanza."

Nikairudisha. Tumeirudisha mpaka umeme umekatika.

Sasa yeye amelala, na mimi naandika haya kwenye simu, koo limenikauka. Ukiniuliza, sijalia. Aliyelia ni yule binti wa Mwanza. Kesho Nyangeta atataka nimwekee tena, nami nitamwekea.