Kompyuta ya Mkwe Wangu Inaganda na Naona Haya Kumwambia

Bi. Mishi hufunza kompyuta mjini Nyeri, na kila Jumamosi hujibu wasomaji wanaosumbuliwa na mashine zao, au na watu waliowapa mashine hizo.

Mpendwa Bi. Mishi, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na nane, nimefunza hesabu darasa la saba miaka thelathini na sijawahi kushindwa na kitu chenye vitufe, lakini hii kompyuta imenifikisha mahali nalia mbele yake kama mtoto aliyenyang'anywa mandazi.

Naandika kitabu cha mbari ya marehemu mume wangu, yaani ukoo wote kutoka kwa babu wa babu yake hadi vitukuu, na si kazi ndogo kwa sababu unajua sisi tunapeana majina ya wazee, kwa hivyo niko na akina Wamae saba na akina Wangechi kumi na mmoja, na bila picha kando ya jina hakuna atakayejua nani ni nani. Sasa nikiandika tu mashine inaenda vizuri kabisa, lakini nikibonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha ili ile menyu ya kunakili itokee, menyu haitoki, kiduara kinazunguka, kila kitu kinaganda, nagonga kibodi hainisikii, nami nikishikwa na hasira nachomoa waya ukutani. Picha mia na ishirini zimo ndani na sijaweka kitabuni hata moja.

Mwezi wa pili nilichomoa hivyo, na ilipowaka kurasa zote za mlango, yaani tawi, la Mzee Wamae, mkubwa wa ukoo, zilikuwa zimepotea, majina arobaini aliyonipa kwa mdomo wake tukiwa tumekaa kwake siku mbili, na karatasi nilizoandikia nilikuwa nimewashia nazo moto jikoni nikijua majina yako salama kwa kompyuta, na kabla sijarudi kumuuliza tena tukamzika, Bi. Mishi, na hilo silisahau hata nikiwa kanisani. Sasa amebaki Cucu Wakiuru, yaani Bibi Wakiuru, dada ya mume wangu, huko Kangari, ana miaka tisini na mmoja na macho yanafifia, na juzi aliniambia, "Wacera, hiyo kitabu nataka kuishika na mikono yangu, sio nisomewe nikiwa kwa jeneza." Mkutano wa ukoo ni Desemba.

Sasa niungame. Kompyuta nilipewa na mkwe wangu Mburu, mume wa binti yangu Wangechi, ilikuwa ya ofisi yao kule Kagio, walipobadilisha mashine akaomba hii aniletee, na ndiye anayetengeneza kompyuta zote za hapo, kwa hivyo ningempigia simu mara moja ingeisha, lakini nitamwambiaje mkwe ati zawadi yako ni mbovu? Sisi tuko na thoni, ile haya ya mama mkwe na mkwe, mimi hata kula nikimtazama sijawahi, tena kompyuta iko chumbani mwangu kando ya kitanda, mkwe aingie huko akae wapi? Akiniuliza, "Mama, mashine inakusaidia?" namjibu, "Inanisaidia sana, Mungu akubariki," na nimesema hivyo mara nne, mimi mama wa kanisa.

Fundi mmoja mjini aliniambia, "Shosh, hii ni kufomati tu, tunafuta kila kitu tunaanza upya," nikabeba mashine yangu nikatoka bila kuaga. Nimebandika plasta juu ya kitufe cha kulia nisikiguse kwa bahati mbaya. Cha ajabu ni kwamba siku moja iliganda nikaiacha hivyo nikaenda kukamua ng'ombe, na kurudi nikakuta menyu imefunguka yenyewe inaningoja, nikaogopa nikaizima. Tena kwenye ile orodha ya mahali pa kuweka faili kuna pahali pameandikwa OFISI, pana alama nyekundu ya X, sijapagusa kwa sababu ni mali ya watu. Bi. Mishi, nimeapa kitabu hiki kitaisha hata nikiandika kwa kucha. Nifanye nini?

Mwalimu Wacera, Nyeri

JIBU

Mwalimu Wacera, sikucheki. Mimi nina wakwe wawili, na mmoja wao nilimdanganya mwaka mzima kwamba nayapenda mapazia aliyoniletea. Lakini nitakugombeza, na utavumilia.

Majina arobaini, mwalimu! Miaka thelathini ukiwaambia watoto wa watu waonyeshe njia ya hesabu wala wasifute, kisha wewe ukachoma daftari lako mwenyewe? Pole sana kwa Mzee Wamae, najua inauma. Ila ujue ni kuchomoa waya kulikomeza majina yale. Mashine ikiganda huachwa, ukaenda zako, ukarudi. Waya huo usiuguse tena.

Leo hii, kabla hujafanya lolote jingine, nunua flashi mbili. Kunakili hakuhitaji kitufe cha kulia. Bonyeza faili mara moja kwa kitufe cha kushoto, shika kitufe kilichoandikwa Ctrl kwenye kibodi, na ukiwa umekishika gusa C. Fungua flashi, shika tena Ctrl, gusa V. Kwisha. Flashi moja kaa nayo, nyingine mpe Wangechi. Hata picha zako utaziingiza kitabuni kwa njia hiyo hiyo, kwa hivyo kazi haina haja ya kusimama hata siku moja.

Sasa tuje kwa ugonjwa wenyewe. Jibu umeniandikia wewe mwenyewe bila kujua. Mashine mbovu haijitibu mwenye nayo akienda kukamua. Yako ilikuwa inatafuta kitu, ikakosa, ikachoka, ndipo ikafungua menyu. Ilitafuta nini? Hiyo OFISI yenye alama nyekundu. Kule Kagio kompyuta hii ilikuwa na njia ya kufikia faili za wenzake, na njia hiyo haikuondolewa ilipoletwa kwako. Kila ukibonyeza kulia inabisha hodi ofisini kwanza, na huko hakuna wa kuitikia. Naona hapo ndipo penye shida. Njia hiyo ikatwe, na usiogope, kuikata hakufuti faili ya mtu yeyote. Ikiganda bado, basi kuna programu za zamani za ofisi zilizojiingiza kwenye menyu hiyo. Zitolewe moja moja, menyu ikijaribiwa kila baada ya kutoa moja, mpaka mkorofi ajulikane. Kufomati usikubali. Na plasta ibandue, mausi ya watu haina kosa.

Nani ataikata hiyo njia? Ningeweza kukuelekeza uikate mwenyewe, na mwalimu wa hesabu hashindwi. Sitaki. Mburu ndiye aliyeitunza mashine hii ofisini, anajua kilichobaki ndani yake, na wewe una uongo mara nne wa kurudisha.

Thoni naijua, nimezaliwa hapa Nyeri, na haya ya wakwe hata kwetu Waislamu ipo. Lakini hebu sikiliza. Heshima imekukataza kumwingiza mkwe chumbani. Haijakukataza kumwambia ukweli, hilo umejikataza mwenyewe. Basi itoe kompyuta chumbani leo, iweke sebuleni, mlango ukiwa wazi. Kisha mpigie simu wewe, si kupitia Wangechi. Sema hivi: "Mburu, mashine imekuwa na shida tangu mwanzo, niliona haya kukuambia. Njoo Jumapili baada ya kanisa unisaidie." Mwanamume aliyeomba mashine ofisini ampelekee mama mkwe wake hawezi kukasirikia maneno hayo. Kinachoweza kumuumiza ni kufika mkutanoni Desemba akute kitabu hakipo, na kujua ni kompyuta yake iliyokizuia huku wewe ukimshukuru.

Kabla ya Jumapili, nenda Kangari. Usingoje mashine ipone. Beba daftari na kalamu, ukae na Cucu Wakiuru, umuulize mlango wa Wamae nyumba kwa nyumba. Akikumbuka majina ishirini, hayo ni ishirini ambayo leo huna. Yaandike kwa wino, na ole wako daftari hilo nisikie limekaribia jikoni.

Jumapili Mburu akimaliza, usimpe chai tu aondoke. Vuta kiti chako ukae kando yake, mfungulie ukurasa wa Wangechi wake, na umwombe akuwekee picha ya kwanza ya kitabu, ya harusi yao, kwa kitufe cha kulia.