Digrii Zisizo Zangu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepona. Sisi hatujambo. Mama bado anagombana na televisheni kana kwamba ni mpangaji mwenzake. Najua utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili, lakini kuna maneno nimeyameza Jumapili tano mfululizo. Nimeona niyaandike.

Nianze na goti, maana ndilo unaloliulizia kabla hata ya kuniuliza mimi. Baada ya kuteleza kwenye ngazi na katoni ya vigae begani, na baada ya upasuaji wa kano, yule mtaalamu wa mazoezi aliniwekea programu kwenye simu. Alinielekeza niifunge simu kwa mkanda chini ya goti la kushoto, nikunje na kunyoosha, nayo itahesabu na kupima digrii. Alisema kliniki ni mbali na foleni ni ndefu, hivyo msimamizi wangu nitakuwa mimi mwenyewe. Nilimjibu kwamba nimesimamia mafundi kumi, goti moja haliwezi kunishinda. Wewe nawe ukaomba uunganishwe ili uone ninavyoendelea.

Wiki ya kwanza nilijitahidi kweli, nikafika digrii hamsini, jasho likinitoka kama nabeba saruji. Wiki ya pili goti likalia ko! Niliogopa, dada, kuliko hata siku niliyoanguka. Niliona nikilikunja tena litakatika, na fundi wa vigae asiyeweza kupiga magoti atakula wapi? Simu nayo ikawa inanikumbusha kila asubuhi, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi kuliko matusi.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Siku ile niliifunga simu kwenye mguu wa kulia, ule mzima. Simu haikujua. Ikahesabu, ikanipongeza, ikanipa nyota. Nilijiambia ni leo tu, ikawa na kesho. Nikawa mwangalifu, naongeza digrii chache kila siku kama mwizi mwenye adabu. Nilipofika mia na kumi ulinipigia ukicheka kwa furaha, ukaniambia umemwonyesha mwalimu mkuu wako, na amekubali sakafu ya ukumbi wa shule yenu niitandike mimi, kuanzia mwanzoni mwa mwezi ujao. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilisema asante.

Juzi nilikwenda kliniki. Mtaalamu hakuigusa simu. Alichukua futi, akanipima mapaja yote mawili. La kulia limenona, la kushoto limekwisha kama mpini wa ufagio. Akaniuliza simu ilikuwa inakaa mguu gani. Nikamwonyesha wa kulia, nikamsimulia na ule mlio. Kisha akanieleza kwamba mlio ule haukuwa wa kitu kukatika, na kwamba ningemuuliza angeniambia siku hiyohiyo. Sasa goti limekaza. Nahitaji miezi minne, pengine zaidi, kabla ya kupiga magoti kazini.

Kwa hiyo, dada, mwambie mwalimu mkuu atafute fundi mwingine. Mwambie na sababu, usinifunike. Uliweka jina lako mbele kwa ajili yangu, nami nimekubebesha aibu. Inaniuma kuliko goti. Nisamehe.

Mke wangu anakusalimu sana. Yeye nimemwambia jana, akacheka kwanza, kisha akalia. Mama nitamwambia mwenyewe, naomba uniachie hilo. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na wapwa zangu waambie mjomba anawakumbuka.

Leo asubuhi nimeifunga simu mguu wa kushoto. Ukifungua programu utaona mstari umeanguka kutoka digrii mia na ishirini hadi arobaini na moja. Usidhani simu imeharibika. Hizo arobaini na moja ni zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba