Sauti Yangu kwenye Kona ya Mwisho

Na hata hivyo nilipendeza, Baba. Mvua ilinyesha asubuhi yote, matope ya Makadara yakatusubiri mlangoni, na shangazi zangu wakashika gauni langu la harusi kila upande kama watu wanaohamisha kitanda. Bado nilipendeza. Njoroge amesema hivyo tena leo akitafuta soksi. Huyu mwanamume ananiita "mke wangu" hata akiomba chumvi, na mimi kila mara nageuka kama nimeitwa mara ya kwanza. Ungempenda. Nina furaha mpaka naona haya.

Ndiyo maana imenichukua muda kukuandikia. Sikutaka kuchanganya furaha hii na lile neno nililosikia mlangoni mwa kanisa.

Kwa kuwa wewe ulishatutangulia, niliyemwomba anishike mkono kuniingiza kanisani ni Anko Kioko, fundi mwenzako wa gereji ya mtaa wa Baba Dogo. Mjomba alinuna kidogo, lakini nilitaka mtu aliyekuwa nawe siku ile ya mashindano ya magari. Nilitaka niingie na kipande chako.

Tulikuwa bado ndani ya gari, mlangoni mwa kanisa, tunangoja kwaya ianze. Nikamwambia, "Anko, naogopa."

Akacheka. "Tulia, mamaa. Hata mimi niliogopa hivi hivi siku ya mbio. Mpaka nilipofika kona ya mwisho nikasikia katoto kanaita, 'Baba! Baba!' Gari lenyewe halina vioo, sauti ikaingia yote. Nikajiambia, Kioko, ukimwangusha huyu mtoto leo utamtazama vipi? Nikakanyaga."

Nikamwambia, "Anko, hiyo ni hadithi ya Baba."

Akanitazama. Kicheko kikamwisha usoni polepole. "Kwani hakukwambia? Aliniahidi angekwambia ukimaliza shule, fomu foo."

Kwaya ikaanza. Mlango wa gari ukafunguliwa. Nikaingia kanisani nimeshikwa mkono na mtu niliyempigia kelele utotoni bila kujua kuwa ni yeye.

Mengine alinieleza baadaye, nilipomwendea mwenyewe. Kwamba magari yalipoitwa, wewe ulikuwa umeinama nyuma ya lori la gereji unatapika, na miguu imekukataa. Kwamba jina lililoandikishwa lilikuwa lako, na mngebadilisha dereva mngeondolewa. Basi Kioko akavaa ovaroli yako na helmeti yako nyekundu, akaingia kwenye ule uwanja mdogo wa lami nje ya Donholm, akazunguka na wenzake, magari yakigongana mbavu mpaka rangi ikabanduka. Alipomaliza wa kwanza akalipitisha gari nyuma ya lori, mkabadilishana nguo, ukatoka wewe kupokea kikombe. Nilikuwa mabegani mwa Mama, ng'ambo ya matairi, na sikuona kitu ila helmeti nyekundu.

Kwa hayo sikulaumu. Watu wa gereji nzima walikuwa wamelikeshea lile gari, na siku ile mlilazimika. Lakini nyumbani, Baba? Mezani kwetu, mimi na wewe, nani alikulazimisha?

Kila Jumapili ulinisimulia. Kopo la sukari lilikuwa gari jeupe lililokuwa mbele, kijiko kilikuwa wewe, na sahani ndiyo uwanja. Ulikizungusha kijiko ukingoni taratibu, ukifika kona ya mwisho unasimama, unaninong'oneza, "Hapa ndipo nilipokusikia ukiniita. Ndipo nikakanyaga." Halafu kijiko kinalipita kopo, nami napiga makofi.

Ulikuwa umeambiwa na Kioko. Sauti yangu ilimfikia yeye, naye akakupa, nawe ukanirudishia kama uliisikia kwa masikio yako. Hilo ndilo linaloniuma. Si kikombe. Ungechukua kikombe, ukachukua na sifa za Makadara yote, nisingesema kitu. Lakini nilipokuita hukuwa mle ndani.

Na fomu foo nilimaliza ukiwa hai. Tulikunywa soda siku ile, wewe na mimi peke yetu, ukatengeneza tai mara mbili kama mtu mwenye neno. Nilidhani unajivunia mimi. Sasa najua neno lilikuwa lipi, na najua ulilimeza pamoja na soda.

Ungeniambia tu ulitapika. Ulikuwa unanijua, mimi niliyelala taa ikiwaka kwa kuogopa mende. Ningefurahi kujua baba yangu naye anaogopa kitu. Badala yake nilikua nikiona aibu ya woga wangu mbele yako, na wewe uliniacha nione.

Hata Njoroge nilimpata kwa mbio zile. Tulikuwa tunaosha vikombe vya chai baada ya ibada, nikamsimulia kona ya mwisho, povu likinichuruzika mikononi, naye akasahau kufuta vikombe. Anasema ndiyo siku aliyoamua kunioa. Ebu fikiria nilivyoogopa kumwambia ukweli. Nilimwambia akiwa anapiga shati pasi. Aligeuza kola, akasema, "Kwa hiyo wale mbuzi wa mahari tungewapeleka kwa Kioko?" Nikacheka. Halafu nikalia, shati likaungua kola, na hakunilaumu. Nimeolewa vizuri, Baba. Hilo angalau ni langu.

Mama anasema alijua tangu jioni ile, na kwamba nikuache upumzike. Siwezi kukuacha bado.

Kikombe nilikuwa nimekuja nacho kwenye nyumba yetu mpya. Nilikifunga kwa kanga, nikakipeleka Baba Dogo. Anko Kioko alisema, "La, mama, hiki ni cha baba yako," lakini mikono yake ilikuwa imeshakipokea. Akakifuta kwa pindo la shati. Akakiweka juu ya redio. Akakaa, akainuka tena, akakisogeza kidogo kilipate jua la dirishani. Sikuweza kukaa kumwangalia.

Maana nilikumbuka zile Jumapili, Baba. Alikuwepo. Kila wiki alikaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, akinywa chai mbele ya kikombe chake cha ushindi, akikusikiliza ukiendesha kijiko. Na ulipofika kona ya mwisho, alipiga makofi pamoja nami.

Nimekasirika, na nakupenda, na sijui niweke wapi vyote viwili katika nyumba ndogo hivi. Kwa hiyo nakuja. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi na Njoroge tutapanda basi la Machakos ulikozikwa, nikuonyeshe mume wangu. Sitaleta maua tu. Nitasimama kwenye uzio wa shamba, mbali na kaburi kama nilivyokuwa mbali siku ile, niite "Baba" kwa sauti yangu yote, majirani washangae wakitaka.

Safari hii usingoje kuambiwa na mtu. Sikia mwenyewe.

Binti yako,
Mutheu