Mhitimu wa Kumi wa Nyuma ya Machinjio

3 Februari

Mwanangu Bi Waya,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Kazi inakwendaje? Sisi wazima, ila magoti ya mama yako yameanza tena, na kukaa chini hataki. Anasema ule vizuri, maana sauti yako kwenye simu imekonda. Nilimwambia sauti haikondi, nikanuniwa hadi jioni.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nataka unitumie karatasi. Ofisi ya usajili imetoa agizo jipya. Kila chuo kidogo kama chetu kionyeshe wahitimu kumi wanaofanya kazi waliyosomea, kila mmoja na barua ya mwajiri yenye muhuri, inayotaja jina la chuo. Kisichofikisha kumi kinafungwa. Wakaguzi watakuja mwisho wa Aprili. Mimi na Cheche, mwalimu wetu wa kuchomelea, tumezunguka mpaka soli zimeisha, tumepata tisa. Wa kumi ni wewe, fundi majokofu wa hospitali kubwa. Barua yako ndiyo nitaiweka juu ya zote.

Najua jina letu linachekesha, na aliyeliharibu namjua kuliko wote. Siku ile ya kujaza fomu niliogopa afisa atapotea njia akija kutuona, basi kwenye nafasi ya jina nikaandika "Chuo cha Ufundi, nyuma ya machinjio". Cheti kikarudi kimepigwa chapa hivyo hivyo, herufi za dhahabu: CHUO CHA UFUNDI NYUMA YA MACHINJIO. Kubadilisha ilikuwa kuanza usajili upya, na wanafunzi ishirini na wawili walishakaa darasani. Nikasema watu watazoea. Huu mwaka wa kumi na tisa, na Jumatatu iliyopita mama mmoja alibisha hodi akaulizia maini kilo mbili.

Usichelewe, mwanangu.

Baba yako


11 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na mama naye mpe shikamoo yangu. Mwambie nakula. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Nimechelewa kujibu, na sitasingizia kazi.

Baba, siwezi kuiomba hiyo barua. Siku ya usaili tulikuwa tumekaa wengi kwenye benchi, kila mtu anamuuliza mwenzake kasoma wapi. Nilipotaja chuo chetu walicheka mpaka mmoja akaniuliza kama nilihitimu ufundi au uchunaji ngozi. Nikaingia ndani na kicheko chao masikioni. Kwenye fomu niliandika "Chuo cha Ufundi", nikaishia hapo. Mmoja wa wakubwa walionisaili akauliza, "Kile kikubwa cha serikali?" Nikasema ndiyo. Walichotaka kukiona ni cheti cha mtihani wa ufundi tu, na kile hakitaji mtu kasomea wapi.

Nilidhani uongo wa neno moja utaisha siku ile ile. Mwaka wa nne sasa naitwa "yule wa chuo kikubwa". Mwezi ujao wanachagua mkuu wa karakana na jina langu limo. Nikimpelekea Injinia, bosi wangu, karatasi ya nyuma ya machinjio, atajua nilimdanganya, na kibarua chenyewe kinaweza kuota nyasi. Hakuna mwingine? Yule wa viyoyozi je?

Naona haya kuandika haya kwa mtu aliyenishika mkono nikafungua kompresa yangu ya kwanza. Nisamehe, Baba.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua yako imefika, nimeisoma mara moja, imetosha. Futa machozi, nakujua.

La mhitimu wa kumi niachie mimi. Wewe usiandike chochote, usimwambie Injinia chochote. Shughulikia huo ukuu wa karakana. Hata mimi nikienda mahali nikaulizwa nafanya kazi wapi, nasema "shuleni", halafu nabadilisha mazungumzo. Sasa nitakukasirikia kwa lipi?

Mama yako nimemwambia umetuma salamu.

Baba yako


19 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Magoti ya mama je? Kimya chako kimenitia hofu, na kwenye simu kila nikiuliza habari za chuo unaniuliza habari za mvua.

Ukuu nimepata. Nimekalia kile kiti wiki mbili na hakikaliki. Jumanne nikapiga moyo konde, nikaingia kwa Injinia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alivua miwani akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mimi nimesoma Bwana Mkubwa na Wanawe. Ni chuo, si duka la misumari. Mwenyewe alikiita hivyo akiogopa wanawe wasije wakakigombania." Halafu kicheko kikaisha. Akaniuliza ningewezaje kudhani atamfukuza mtu aliyeokoa jokofu la chanjo, eti kwa sababu ya kibao cha mlangoni. Alisema uongo umemuudhi, jina halijamuudhi hata kidogo, na kwamba ningemwendea Februari angenijibu hivyo hivyo.

Barua yake hii hapa, imetaja jina la chuo lote, na muhuri kaupiga mara mbili. Ulimpata nani wa kumi? Wakaguzi walisemaje? Kama kuna nafasi, tafadhali ipeleke. Kama hakuna, niambie ukweli.

Mwanao


8 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako anatembea vizuri kidogo, na mimi nipo. Hongera kwa ukuu, umeustahili. Barua ya Injinia imefika salama.

Umetaka ukweli. Sikumpata wa kumi. Nilikuambia uniachie ili utulie. Wakaguzi walikuja tarehe ishirini na saba Aprili, na kawaida yao ni kufungua kitabu cha wahitimu na kumpigia simu mwajiri wa kila aliyeandikwa kuwa ana kazi. Mbele ya jina lako nilikuwa nimeandika hospitali yako na namba zake, kwa mbwembwe, kwa herufi kubwa. Asubuhi hiyo kabla hawajafika nilichukua rula na kalamu nyekundu nikakata jina, hospitali na namba. Mkaguzi mmoja, mwanamke mpole tu, akaweka kidole juu ya ule mstari: "Mzee, huyu ni nani?" Nikamjibu kwamba hakusoma hapa, aliandikwa kwa makosa. Nikaweka na sahihi. Wakahesabu tisa, wakaondoka na kitabu. Kibao kilishushwa wiki hiyo hiyo, Cheche mwenyewe ndiye aliyekata vyuma. Wanafunzi kumi na saba wametawanyika, wawili wamepokelewa gereji, wengine sijui.

Barua yako ilipofika nilivaa koti nikaenda nayo ofisi ya usajili. Karani akaisoma yote, akausifia muhuri, kisha akanifungulia kitabu kwenye mstari wangu mwekundu. Akasema mwajiri anadai ulisoma kwetu, lakini mkuu wa chuo amekana kwa sahihi yake, na wao humwamini mkuu wa chuo. Nikamwambia, "Mkuu wa chuo ni mimi, na huyu ni binti yangu wa kumzaa." Akasema rekodi ikishafungwa haiguswi.

Sikulaumu, na nisingependa ujilaumu peke yako. Mwezi Machi ningekuuliza mara ya pili, labda ungekwenda kwa Injinia. Nikajifanya mwamba. Tumeogopa wote wawili, na hapakuwa na cha kuogopa.

Chuo kinaniuma, sikufichi, lakini nimezeeka na ningekifunga siku moja. Kinachonikosesha raha ni kile kitabu. Kiko kabatini kwao, na humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mimi sikukufundisha kitu.

Baba yako